Yarn ya Waaustralia: soga, kamba, au kitu kingine?

Ukikaa na Waaustralia hata siku mbili, neno yarn utalisikia. Jirani anaegemea uzio wako na kukuuliza kama una nafasi ya yarn kidogo. Ukifungua kamusi utaambiwa ni uzi, na ni kweli: uzi wa kufumia sweta au wa kusokotea kamba. Ila huyo jirani hana sindano wala sufu. Anataka mpige soga.

Inasemekana uzi uliingia kwenye maongezi kupitia mabaharia wa merikebu za matanga. Kazi yao moja ilikuwa kukaa sitahani wakisokota nyuzi za kukarabati kamba, kazi ndefu inayoshughulisha mikono na kuacha mdomo bure. Mwaka 1812 mfungwa aitwaye James Hardy Vaux, aliyekuwa akitumikia adhabu huko Newcastle, New South Wales, koloni la Waingereza huko Australia, aliandika orodha ya maneno ya mitaani ya wahalifu. Yarn imo. Anaeleza kuwa ni burudani wanayoipenda, ya kusimuliana vituko vyao na namna walivyoponyoka. Kwa hiyo koloni lilikuwa bado changa na neno tayari lilikuwa vinywani mwa wafungwa.

Hapo Mswahili atatabasamu, maana vijana wa Dar es Salaam nao husema "usinifunge kamba" wakiona mtu anawadanganya. Lakini kamba ya Dar ni lawama, yarn si lawama. Iko karibu zaidi na ule wito wetu wa zamani: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Wasikilizaji wetu wanaualika uongo waziwazi kabla haujaingia. Mwaustralia haualiki. Anaupenyeza taratibu, uso mkavu kabisa, na anayecheka kwanza ndiye aliyeshindwa.

Mfano unaojulikana sana ni wa yule dubu wa mtini. Mgeni akitaka kwenda kupiga kambi msituni, wenyeji humwonya juu ya mnyama anayefanana na koala (yule mnyama wa manyoya wa Australia aishiye mitini), ila mkali, anayejiachia kutoka juu ya mti na kumwangukia mpita njia. Dawa yake, wanasema, ni kujipaka Vegemite nyuma ya masikio, ile rojo nyeusi yenye chumvi kali wanayopaka kwenye mkate. Mnyama huyo hayupo. Hata hivyo jumba la makumbusho la Australia lililoko Sydney limemwandalia maelezo kamili yenye jina la kisayansi, kana kwamba yupo. Taasisi ya serikali nayo imeingia mchezoni, na sidhani kuna njia bora ya kuonyesha yarn ni nini.

Yarn si maneno matupu ya mdomoni tu. Ina ushairi pia. Mwishoni mwa karne ya 19 gazeti la Bulletin la Sydney lilichapa mashairi ya vina kuhusu wachunga ng'ombe, wakata manyoya ya kondoo na wapanda farasi. Banjo Paterson, wakili wa mjini aliyejipa jina la farasi, ndiye aliyepata umaarufu zaidi. Beti hizo zilitungwa ili zisemwe kwa sauti, na mpaka leo kwenye tamasha la muziki la Tamworth, kila Januari, watu hukusanyika asubuhi kula kifungua kinywa huku washairi wakighani. Ni nusu ushairi, nusu vichekesho.

Mwaka 1895, huko Queensland, Paterson alitunga maneno ya wimbo "Waltzing Matilda". Kisa chenyewe ni yarn tupu: mzururaji anayetafuta vibarua anamnasa kondoo wa wenyewe, polisi wanatokea, anajirusha majini, na mzuka wake unasikika hadi leo. Matilda si mwanamke. Ni lile furushi la blanketi alilobeba. Lakini leo ukisema Matildas, Mwaustralia anawaza timu ya taifa ya wanawake ya soka, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2023 nyumbani kwao. Furushi limekuwa wimbo, wimbo ukawa jina la timu.

Michezoni yarn huota hata pale ambapo hesabu zimekamilika. Donald Bradman, mpigaji wa kriketi, aliingia kupiga mara ya mwisho katika mechi ya kimataifa, London mwaka 1948, akihitaji mikimbio 4 tu, yaani pointi 4, ili wastani wake wa mechi hizo uwe 100. Alitolewa bila hata mmoja, kwa mpira wa pili. Wastani ukabaki 99.94, na shirika la utangazaji la taifa likachukua 9994 kuwa namba ya sanduku lake la posta. Watu wakaongeza kwamba hakuuona mpira kwa sababu ya machozi. Bradman mwenyewe alikana, akasema kudai hivyo ni kumdharau aliyerusha mpira. Haikusaidia. Machozi yanasimulika vizuri kuliko mpira mzuri.

Hadi hapa ningeweza kusema yarn ni soga lenye chumvi. Tatizo ni kwamba wenyeji wa asili wa Australia, Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, wanalitumia neno hilo hilo kwa jambo lingine, na wanaotafsiri zote mbili kama "hadithi" wanakosea. Kwao yarn ni mazungumzo yenye kazi. Mnaanza kwa kujuana: kwenu wapi, ukoo gani, nani ni ndugu wa nani. Mpwani hahitaji kuelezwa hilo. Hapo ndipo jambo lenyewe huingia, bila haraka, na mzungumzaji ana haki ya kuzunguka njia ndefu. Kutia chumvi si lengo. Mwaka 2010 watafiti Dawn Bessarab na Bridget Ng'andu walitetea yarn kama njia halali ya utafiti, wakitenganisha ya kujuana, ya mada, ya kushirikiana na ya kuponya.

Huko Australia Magharibi wahudumu wa afya nao wanafundishwa kuitumia. Daktari haanzi na "mgongo unauma tangu lini?" Anaweza kuanza na mechi ya Jumamosi, kisha familia, kisha safari ya kuvua samaki. Mgonjwa anaeleza kwamba safari hii hakwenda kuvua. Kwa nini? Hakuweza kuinama kuisukuma boti.