Nyenzo huria ni nini hasa, na kozi ya mazingira unaijengaje nazo

Watu wengi wakisikia nyenzo huria za kufundishia wanadhani ni pdf yoyote ya mtandaoni unayoishusha bila kulipa, hapana, hiyo ni ya bure tu na bure siyo huria. Ikiwa huria maana yake mwenyewe ameshakupa ruhusa kwa leseni kwamba baki nayo, itumie, ibadilishe, ichanganye na nyingine, igawe tena. Jina hili lilipitishwa kwenye kikao cha UNESCO mwaka 2002, na mwaka huohuo ndo zikatoka leseni za Creative Commons, ruhusa zilizoandikwa tayari ambazo mwandishi anaziweka kwenye kazi yake, utakutana nazo sana.

Kwa mwalimu wa mazingira hiyo ruhusa ya kubadilisha naiona ina thamani kuliko hata kutolipa. Kitabu kimeandikwa kwa mito na misitu ya huko kwa mwandishi, na takwimu zake zinachakaa haraka, hewa ukaa inazidi kupanda kila mwaka, sasa leseni ikiruhusu unatoa grafu ya zamani unaweka mpya, unatoa ziwa lao unaweka la kwenu, na wanachuo wanakuelewa. Ndo maana kwenye jina la leseni ya Creative Commons herufi za kwanza kuziangalia ni ND, yaani usibadilishe, ukiziona jua unagawa kama ilivyo tu, hata tafsiri yako huruhusiwi kuisambaza. BY inataka umtaje mwandishi, NC usifanye biashara, SA utakachotengeneza nacho ukitoe kwa leseni hiyohiyo.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kukusanya linki hamsini halafu ndo aanze kutafuta kozi ndani yake. Anza na mwanachuo akimaliza aweze kufanya nini. Tuseme aweze kuonyesha msitu umepungua kiasi gani kwa miaka 30: picha za setelaiti za Landsat ni bure kwa kila mtu tangu 2008, QGIS ya kuchorea ramani ni programu huria, hapo tayari una kazi ya wiki tatu na kitabu hujakigusa. Usomaji unafuata baadaye, kwenye kitabu cha biolojia cha OpenStax, wachapishaji wa vitabu huria vya kiada, chukua sura za ikolojia tu zingine ziache.

Na gharama usiihesabu kwenye kitabu peke yake, video ndefu zinamaliza bando la mwanachuo, kwa hiyo mpe faili za kusoma bila intaneti au zilizopigwa kopi. Kila unachochukua andika palepale kimetoka wapi na leseni yake, ukisubiri mpaka mwisho wa muhula hutakumbuka ile picha ya ukurasa wa 40 uliitoa wapi.