Kupanga majina kialfabeti si lazima uhamie Excel

Wengi tumezoea kuamini kwamba Word haiwezi kupanga majina A mpaka Z, kwamba lazima ukopi orodha nzima uipeleke Excel, uipange huko halafu uirudishe, au angalau uiweke kwenye jedwali kwanza. Inaeleweka, maana Excel ndo tulifundishwa kwa kazi za orodha.

Ila Word inapanga yenyewe. Inachotaka ni kila jina liwe kwenye aya yake, yaani umebonyeza Enter baada ya kila jina. Selekti majina tu (usiposelekti inaweza kuchukua dokumenti nzima), nenda Home, bonyeza kitufe chenye A juu ya Z na mshale, kisha OK.

Kinachofanya watu waseme haifanyi kazi mara nyingi ni vitu vidogo, mfano ulishuka mstari kwa Shift+Enter, hapo Word inaona yote ni aya moja, au kuna spesi mbele ya jina na jina linapanda juu bila sababu ya kuonekana. Na inaangalia neno la kwanza, kwa hiyo Asha Juma atamtangulia Zuhura Bakari. Ukitaka kwa jina la pili, kabla ya OK ingia Options kwenye dirisha hilohilo, chagua Other uweke spesi kama kitenganishi, kisha Sort by weka Word 2, Bakari atakuja mbele.

Jaribu mwenyewe na majina matano, isipokaa sawa Ctrl+Z inarudisha.