Hasira na hasara si ndugu

"Hasira hasara." Ukikaa Dodoma utaisoma nyuma ya bajaji, na utaisikia kwa mzee anayesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba la zabibu. Methali ni tamu, ila imezaa imani kwamba maneno haya mawili ni ya ukoo mmoja.

Si kweli. Yote yametoka Kiarabu, lakini kwa mizizi tofauti. Hasara ni khasara, inayoanza na kha, herufi yenye nukta juu. Hasira ni hasra, inayoanza na ha isiyo na nukta. Mtoto wa madrasa hazichanganyi. Sisi tuliogeuza khabari ikawa habari tumeifuta nukta, maneno yakafanana.

Dhana ya pili ndiyo inayonivutia zaidi: kwamba tangu hapo hasira ilikuwa ni kukasirika. Kwa Kiarabu, hasra ni majuto, sikitiko la kitu kilichokuponyoka. Katika Kurani, sura ya Maryam aya ya 39, Siku ya Kiyama inaitwa yaumul-hasra, siku ya majuto. Neno la Kiarabu la kukasirika ni ghadhabu, nalo tunalo pia. Mithali 15:1 ya Biblia ya Kiswahili imeyaweka yote mawili katika mstari mmoja. Sasa majuto yaligeukaje kuwa hasira? Mimi naona jibu limo kwenye uchungu: mwenye uchungu huweza kulia, na huyo huyo huweza kuokota fimbo.

Wapo wanaowatupia lawama vijana wa siku hizi kwa kuharibu maana. Hapa hawamo: kitabu cha Kiswahili cha Edward Steere cha mwaka 1870 tayari kinaitafsiri hasira kama tunavyoielewa leo.

Halafu yuko mjuzi wa Kiarabu atakayesema basi sote tunakosea, kwa kuwa maana sahihi ni ile ya asili. Hapana, maana ni ya wasemaji. Tazama hongo. Karne ya 19, misafara ya kwenda Tabora ilipopita hapa Ugogo, hongo ilikuwa ushuru wa vitambaa na shanga ambao mtemi aliudai mchana kweupe, ndipo wapagazi waruhusiwe kupita. Asili ingekuwa ndiyo hakimu, kila mshtakiwa wa rushwa angesimama kizimbani akajitetea kwamba alikuwa anakusanya ushuru tu.