Je, wajua kwa nini boti ya saa 24 hukaa ukingoni miaka mitatu?

Ukipita kwa miguu kando ya mto Thames, juu kidogo ya London, utakuta vibao vimesimamishwa ukingoni: mwenye boti anaruhusiwa kufunga hapa saa 24 bure, kisha aendelee na safari. Hatua chache kutoka kwenye kibao utakuta boti ya faiba iliyoota ukungu wa kijani hadi madirishani. Turubai limechanika, kamba imevaa kuvu, na juu ya sitaha kichaka kidogo kimeshika mizizi kwenye majani yaliyooza. Kichaka hakioti kwa saa 24.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ni mgeni asiyeshika jembe wala kuondoka, na mara nyingi hata jina lake wenyeji hawalijui. Gari likitelekezwa barabarani, halmashauri hubandika karatasi kwenye kioo, husoma namba, na muda si mrefu gari la kuvuta limefika. Mbona boti haivutwi?

Tuanze na kujua mwenyeji ni nani. Maji ya Thames yaliyo juu ya Teddington, kitongoji cha kusini-magharibi mwa London, yasikofika maji ya bahari, husimamiwa na Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira ulioanza kazi 1996. Lakini ukingo una wenyewe: huku bustani ya halmashauri, kule shamba, mbele hoteli, kisha nyumba ya tajiri yenye nyasi zilizokatwa hadi majini. Kwa desturi ya sheria ya Uingereza, mwenye ukingo kwenye mto kama huu huhesabiwa pia kuwa mwenye ardhi iliyo chini ya maji, hadi katikati ya mto. Umma una haki ya kupita juu ya maji hayo. Kupiga kigingi kwenye nyasi za mtu na kufunga kamba ni jambo jingine.

Sheria ya Thames ya 1932 ililegeza kidogo. Ilisema haki ya kusafiri ina ndani yake haki ya kutia nanga, kufunga au kusimama kwa muda wa kiasi, katika matembezi ya kawaida ya mtoni. Kiasi ni kiasi gani? Usiku mmoja hakuna anayebisha. Ikifika wiki, maneno yanaanza. Na kwa kuwa kukaa kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa kwa kawaida ni kesi ya madai, polisi hawaigusi. Mwenye ardhi ndiye aende mahakamani, alipe wakili, amtaje mshtakiwa. Halmashauri ya Richmond, wilaya ya London iliyo kando ya mto huo, ilichoka na mzunguko huo, na 2015 ikaanza kutumia sheria ndogo inayofanya kufunga boti kwenye ardhi yake bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Sheria hiyo inaishia kwenye mpaka wa Richmond. Boti inaelea.

Kwenye mifereji mwenyeji ni mmoja: Canal & River Trust, shirika la hisani ambalo mwaka 2012 lilirithi kutoka serikalini mifereji na baadhi ya mito ya England na Wales, jumla ya kilomita zipatazo 3,200. Hapa sheria ni ya 1995, nayo inampa mwenye boti njia mbili. Ama awe na mahali pake pa kudumu pa kufunga, ama awe msafiri wa kweli asiyekaa mahali pamoja zaidi ya siku 14, labda apate sababu ya maana kama ugonjwa au mfereji kuganda barafu. Waliotunga sheria walihesabu siku wakasahau maili: hawakusema boti isogee umbali gani. Basi wakawepo waliosogeza boti mita mia chache kila wiki mbili, mbele na nyuma, kama mzee anayehamisha kiti kufuata kivuli. Hatimaye shirika likatangaza kwamba boti ambayo mizunguko yake ya mwaka mzima haivuki eneo la maili 15 hadi 20, itakuwa vigumu kwa mwenyewe kuthibitisha kwamba anasafiri. Kwenye baadhi ya maegesho yanayogombewa, kila siku ya ziada hutozwa pauni 25.

Pauni 25 humkera mtu mwenye boti nzima. Ile yenye kichaka haimkeri mtu, kwa sababu hakuna mtu.

Na hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo watu hupenda kuyatia kapu moja. Mifereji hiyo ina boti zipatazo 35,000 zenye leseni, nyingi kuliko enzi zile mifereji ilipokuwa ikibeba makaa ya mawe kupeleka viwandani, na London peke yake ina kama 4,000. Wengi wanaoishi humo wamekimbia kodi za nyumba za jiji hilo. Boti yenye moshi kwenye bomba, baiskeli juu ya paa na vyungu vya maua ni nyumba ya mtu. Akizidisha siku, pengine ana mtoto shuleni au kazi jirani, na shida yake ni ya makazi, hata kama kibao kinamhukumu kwa saa. Boti maiti ni habari nyingine. Tatizo ni kwamba ukiwa ukingoni huwezi kuapa ipi ni ipi. Zipo boti zinazoonekana zimekufa, kumbe ndani analala mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Sheria ya haki za binadamu ya 1998 inalinda makazi ya mtu hata yakiwa yanaelea, hivyo boti yenye mkaazi haiondolewi mpaka mahakama ipime kama ni haki kumtoa. Upande huo nauunga mkono uende polepole.

Kwa boti tupu ya kwenye mifereji, karatasi zinasema haraka zaidi. Sheria ya 1983 inaruhusu chombo kilichozama, kilichotelekezwa au kilichofungwa bila idhini kiondolewe baada ya notisi ya siku 28. Siku 28 si miaka mitatu. Kwa hiyo tuangalie boti yenyewe.

Boti haifi kwa kugonga mwamba. Hufa kwa mvua. Chini ya kila boti kuna ngama, ule uwazi ambamo maji yote hukusanyika: ya mvua, ya mvuke wa ndani, na ya pale mhimili wa rafadha unapotokea nje kwenye tezi, ambapo boti nyingi hudondosha tone moja moja ili mhimili usikaukiwe. Jahazini kazi ya kufua maji ilikuwa ya kijana mmoja na ndoo yake. Boti ya siku hizi ina pampu ndogo ya umeme yenye boya: maji yakipanda boya linainuka, pampu inawaka, maji yanatupwa nje. Pampu inakula betri. Betri hulishwa na injini, ambayo haijawashwa tangu mwaka juzi, au na kipande cha sola, ambacho sasa kina ukungu na kinyesi cha bata. Majani ya msimu wa baridi huziba matundu ya kutolea maji sitahani, na mvua inayofuata inaingia ndani badala ya kurudi mtoni. Boti inashuka sentimita moja, kisha mbili. Siku tundu lililokuwa juu ya maji linapogusa maji, kazi huisha usiku mmoja.

Boti ya chuma ina ugonjwa wake. Kila miaka miwili au mitatu inatakiwa kutolewa majini, ikwanguliwe na kupakwa rangi nyeusi ya lami tumboni. Ikikosa, kutu hutoboa vishimo vidogo vidogo hadi bati la milimita 6 linabaki kama karatasi. Halafu kuna mafuriko. Boti iliyofungwa kwa kamba fupi, mto ukipanda, kamba huivuta upande mmoja chini na maji huingia kwa ubavuni. Iliyofungwa legelege hupanda pamoja na maji hadi juu ya ukingo, na mto ukirudi inabaki imepwelewa, nusu kwenye njia ya watu na nusu hewani. Mwenye boti anayeishi humo hutoka saa nane za usiku na tochi kurekebisha kamba. Ile nyingine haina wa kutoka.

Ikishazama, bei hubadilika. Dizeli inasambaa juu ya maji, mitungi ya gesi imelala chini, na kuiinua kunataka wapiga mbizi, pampu kubwa na winchi. Ni maelfu ya pauni, kwa kitu ambacho siku iliyotangulia hakikuwa na thamani hata ya injini yake. Ndiyo maana wasimamizi wa mito hutamani kuziwahi zingali zinaelea.

Lakini kuiwahi maana yake ni kumjua mwenyewe. Uingereza kila gari lina namba na daftari moja la taifa. Boti hazina daftari kama hilo. Kuna leseni ya msimamizi wa mto au mfereji, ila leseni inaonyesha nani alilipa, haithibitishi nani anamiliki. Boti mpya hupigwa namba ya utambulisho kwenye bodi. Nyingi za kabla ya 1998, na hizi ndizo zinazokufa sasa, hazina. Kuuziana ni kupeana mkono na pengine karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

Hapo ndipo fundo lenyewe lilipo. Kuanzia miaka ya 1960 viwanda vilitengeneza boti za faiba kwa maelfu, kwa familia za kawaida, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba haiozi. Kweli haiozi. Wenyewe wamezeeka, wamekufa au wamehamia kwingine, boti bado ipo. Ikifika umri fulani, kuivunja kunagharimu kuliko inavyouzika. Mwenye boti ana mambo mawili ya kuchagua: alipe mamia au maelfu kwa yadi iikate na kuitupa, au amuuzie kijana mmoja kwa pauni moja. Kijana anafurahi, amepata boti. Hana leseni, hana bima, hana mahali pa kufunga, hana hela ya rangi ya lami. Anaifunga kwenye maegesho ya saa 24 kwa sababu ni bure. Akichoka anamuuzia mwingine, na huyo wa mwisho hauzi, anaondoka tu. Kibao kinazungumza na mtu wa mwisho. Mimi naona aliyeanza kusukuma mzigo ni yule wa kwanza, na kabla yake kiwanda kilichouza kitu kisicho na kaburi.

Linganisha na jahazi. Jahazi la Lamu likichoka, misumari huchomolewa, mlingoti huhamia kwenye chombo kingine, na mbao zake zilizokaangwa na chumvi miaka thelathini huwa viti, meza na fremu za picha ambazo watalii hununua kwa bei nzuri. Faiba ni nyuzi za kioo zilizogandishwa na gundi ya kemikali. Huiyeyushi kama chuma, huichomi kama ukuni, na ukiisaga unapata vumbi linalowasha ngozi na mapafu.

Ufaransa wameligusa jambo hili kwenye mzizi. Tangu 2019 watengenezaji na waingizaji wa boti za starehe wanatakiwa kuchangia mfuko wa kuzivunja zikizeeka. Mwenye boti hulipa gharama ya kuisafirisha hadi yadi, kuvunjwa ni bure. Norway ilianza 2017 kumlipa krone 1,000 anayeleta boti yake ndogo iliyochakaa ivunjwe. Krone 1,000 si utajiri, lakini zinatosha kumfanya mtu asitafute kijana wa pauni moja.

Na pengine hukujua kwamba mkataba wa dunia kuhusu kuondoa vyombo vilivyozama una jina la mji wetu. Ulipitishwa Nairobi, Mei 2007, ukaanza kutumika Aprili 2015. Unamtaka mwenye meli alipe gharama za kuondoa mabaki yake, na meli yenye tani 300 au zaidi lazima ibebe cheti cha bima kwa ajili hiyo hiyo. Boti ya mita saba kwenye Thames haifikii hata ukucha wa tani hizo, na mkataba wenyewe umeandikiwa bahari. Kwa hiyo meli ya mizigo ikizama huko nje, kuna karatasi inayosema nani atalipa. Boti ya familia ikizama mbele ya bustani ya halmashauri, karatasi iliyopo ni ile notisi ndani ya mfuko wa nailoni, imefungwa kwenye mlango wa boti.

Siku zikitimia huja chombo cha kazi chenye winchi. Boti inavutwa hadi yadi, inatolewa injini, betri na vipande vya shaba, kisha kijiko cha mtambo kinaivunja na mabaki yanapelekwa dampo. Sheria inaruhusu gharama zote zidaiwe kwa mwenye boti. Anatafutwa kwenye kumbukumbu za leseni, linapatikana jina la aliyelipa mara ya mwisho, anapigiwa simu. Anajibu kwamba ile boti aliuza zamani, kwa pauni moja, na risiti hakuandika.