Vita Huiba Msimu: Kwa Nini Njaa Huingia Nyumbani Baada ya Risasi Kunyamaza

Kina mama wanaouza maharage katika soko la Virunga, hapa Goma, wanatuuliza swali moja mara kwa mara: mbona kijijini kumetulia, na bei haishuki? Jibu liko kwenye kalenda ya shamba.

Jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, lina misimu miwili mikubwa. Msimu A hupandwa kuanzia Septemba na kuvunwa Januari. Msimu B hupandwa Februari na Machi, mavuno yakaja Juni na Julai. Mvua haimsubiri aliyekimbia. Vita vilipofika Goma mwishoni mwa Januari 2025, familia nyingi za milima ya Masisi zilikuwa zimeacha maharage ya msimu A shambani au ndiyo kwanza yameanikwa uani, na wakati wa kupanda msimu B ukazikuta njiani. Aliyerudi Aprili akakuta nyumba imesimama alikuwa tayari amepoteza mavuno mawili, na shamba lake lisingemlisha vizuri hadi Januari ya mwaka uliofuata.

Mji wetu huumia upesi kwa sababu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Penye lava hapalimiki. Viazi, maharage na maziwa hutoka Masisi, mahindi na ndizi Rutshuru, mihogo na mboga huja kwa mashua kutoka Minova hadi Kituku, soko letu la kando ya Ziwa Kivu. Kila barieri, yaani kizuizi cha barabarani, njiani hukata fungu lake. Kuna vijiji ambako mkulima amelazimika kununua jetoni, yaani kikaratasi cha ruhusa, kutoka kwa wenye silaha ili aruhusiwe kwenda kulima shamba lake mwenyewe. Huo ni unyang'anyi. Itifaki ya Ziada ya Pili ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inakataza kuharibu mazao, mifugo na maji ya raia, na Azimio namba 2417 la Baraza la Usalama, la mwaka 2018, linalaani kuwatesa raia kwa njaa.

Lakini hasara inayonisumbua kuliko zote ni ya mbegu. Robo hekta ya maharage mafupi inahitaji karibu kilo 20 za mbegu. Familia ya watu saba, kila mtu akila gramu mia kwa siku, inazimaliza kilo hizo ndani ya mwezi mmoja. Hakuna mama wa kulaumiwa kwa kuwapikia watoto mbegu. Ila mvua ikirudi atanunua punje zozote sokoni, za zamani, zilizochanganyika, zilizotobolewa na wadudu, na nusu ya mistari haitaota.

Kwa hiyo mkivuna, hata kidogo, tengeni mbegu kwanza. Zikaushwe vizuri. Tia maharage na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha juani. Zikikauka, jaza bido (dumu la plastiki) safi hadi mdomoni, funga kabisa, usifungue hadi siku ya kupanda: wadudu walioingia humo hukosa hewa wakafa. Bido la lita 20 hubeba kama kilo 15, mzigo mzito kwa mtu anayekimbia. Afadhali mabido ya lita 5, kila mtu na lake.

Mkirudi na hamna hakika ya kukaa, chagueni mazao kwa kuhesabu siku. Maharage marefu yanayotambaa mitini huzaa zaidi, lakini yanataka miti ya kuyategemeza na karibu miezi minne. Mafupi yanatosheka na mitatu. Lengalenga huchumwa baada ya wiki nne tu, na hapa Goma hukubali hata gunia lililojazwa udongo na samadi.

Muhogo una subira, hukaa ardhini ukimngoja mwenyewe. Hata hivyo ule mchungu una sumu, na kuiondoa kunataka muda, ambao vita huuiba pia. Watu wanaokimbia huloweka siku moja badala ya tatu au nne. Wakila unga huo wiki nyingi bila maharage wala samaki, baadhi hupata konzo, ugonjwa unaokaza miguu na kuwaacha vilema wa kudumu, hasa watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Hapa Kongo unajulikana tangu 1938, na vita vimeuchochea mara kadhaa. Lowekeni siku tatu kamili, anikeni vizuri, na mkipata sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hata za kiganja kimoja, zitieni chunguni, kwa kuwa protini yake huusaidia mwili kuitoa sumu. Mtu akianza ghafla kutembea kwa shida, miguu yote miwili imekaza, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, na mumweleze muuguzi muhogo huo uliandaliwa vipi.