Usubi nje, hewa ndani: ninavyojenga mabanda ya farasi Nanyuki

Nikiitwa kukagua banda la farasi, huomba nifike saa kumi na moja alfajiri, kabla saisi, yaani mtunza farasi, hajafungua milango. Naingia chumba kimoja, nachuchumaa mpaka pua yangu iwe usawa wa pua ya farasi aliyelala, kisha navuta pumzi. Macho yakinichonyota, najua amonia ya mkojo imekuwa humo usiku kucha. Mwenye banda aliyesimama mlangoni mara nyingi haisikii, maana inatoka kwenye matandiko na inakolea huko chini. Farasi naye hapumui kwa mdomo hata ahemeje. Kila anachovuta kinapita puani, pamoja na vumbi la nyasi na ukungu, mpaka anaanza kukohoa na kupata pumu.

Usiku wa Nanyuki, mji ulio kando ya Mlima Kenya, ni baridi, na watu hupenda kuziba kila tundu. Wanafanya hivyo kwa huruma, lakini farasi mzima aliyeshiba nyasi anaistahimili baridi kutushinda sisi. Kinachomuumiza ni unyevu na hewa isiyotembea.

Adui wetu mkubwa ni usubi. Mdudu huyu wa milimita 1 hadi 3 hueneza virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Pundamilia hukaa na virusi hivyo bila kuugua, na huku kwetu pundamilia hulisha hadi kwenye ua. Nimeona farasi aliyekula vizuri asubuhi akitokwa na povu jeupe puani jioni, mapafu yamejaa maji. Sitamsahau. Ugonjwa ukishika mapafu, ni wachache mno wanaopona. Chanjo ipo na kila farasi achanjwe, ila banda nalo lina kazi yake. Usubi huuma zaidi kati ya machweo na macheo, kwa hiyo farasi aingie ndani mapema, kabla ya saa kumi na mbili jioni, na kila penye uwazi pawe na wavu.

Tatizo ni kwamba wavu wenye matundu madogo unaozuia usubi unapunguza pia upepo. Dawa yake ni kuongeza uwazi wenyewe. Ukuta wangu unaishia usawa wa kifua cha farasi, na kutoka hapo hadi chini ya paa ni wavu mtupu, wenye upenu mpana wa kukinga mvua. Juu kabisa ya paa naacha mwanya mrefu wenye kofia ya bati na wavu, hewa ya joto ipande na kutoka. Wavu upigwe brashi kila wiki, kwa sababu vumbi na utando wa buibui vikijaa, banda limezibwa upya. Chumba kiwe mita 3.6 kwa 3.6. Marobota ya nyasi yasikae juu ya vichwa vya farasi kamwe, kwa ajili ya vumbi na moto.

Halafu kuna samadi. Farasi mmoja hutoa kilo 20 hivi kwa siku, kwa hiyo farasi 10 ni zaidi ya tani 70 kwa mwaka. Ukichanganya na maranda yaliyolowa mkojo, ukalifunika rundo na kuligeuza, ndani hupanda joto kupita nyuzi 55. Mayai ya minyoo hufa, na shamba linapata mboji safi. Mvua nayo naikusanya: milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 200 ni lita 4,000, maji ya kunywa ya farasi 10 kwa siku 10 hivi.

Kazi hii ya samadi na maji inarudi kwenye usubi, kwani huzaliana kwenye udongo wenye unyevu na kinyesi. Kuna banda nililoitwa ambalo wavu wake ulikuwa mzima kabisa, lakini farasi walikuwa wakiumwa na usubi kila jioni wakiwa wanaletwa ndani. Nyuma ya ukuta nilikuta bomba linavuja taratibu kando ya rundo la samadi, na tope jeusi limetapakaa hatua kumi. Siku hiyo hatukugusa paa wala ukuta. Tulikaza bomba, tukahamisha samadi, tukachimba mfereji.