Vita vya Talas, 751: Sifa Ambazo Si Zake

Julai 751, karibu na mto Talas, mpakani mwa Kazakhstan na Kyrgyzstan za leo, jeshi la ukhalifa wa Bani Abbas lilipambana na jeshi la Tang, ukoo uliotawala China wakati huo. Siku ya tano Wakarluk, kabila la Kituruki lililokuwa upande wa Wachina, waligeuka na kuwashambulia wenzao. Gao Xianzhi, jenerali wa Tang, akaponea chupuchupu. Hayo hayana ubishi mkubwa. Kinachopotoshwa ni yale yanayosemwa kuwa yalitokana na siku hizo tano.

Dhana: Mateka wa Kichina ndio waliowapa Waislamu karatasi

Hadithi hii imeenea kuliko zote, na ni tamu kweli: wafungwa wanafikishwa Samarkand, wanatoa siri, dunia inabadilika. Aliyeieneza ni mwandishi al-Tha'alibi wa Nishapur, aliyezaliwa 961, miaka 210 baada ya vita.

Karatasi ilikuwa imeshazoeleka katika eneo hilo. Wasogdia, wafanyabiashara wa Samarkand na miji jirani, walikuwa wakiandikiana barua kwenye karatasi tangu karne ya 4. Baadhi yake zilifukuliwa karibu na Dunhuang, magharibi mwa China. Kwenye Mlima Mugh, Tajikistan, zilipatikana nyaraka za Devashtich, mtawala wa Panjikent aliyeshindwa na Waarabu mwaka 722, na miongoni mwake zimo za karatasi.

Kisha yupo shahidi. Du Huan, Mchina aliyetekwa Talas, aliishi miaka kadhaa katika nchi za Kiislamu, na alipoandika habari zake aliwataja kwa majina mafundi wenzake wa Kichina aliowakuta Iraki: wachoraji wawili na wafumaji wa hariri wawili, pamoja na masonara. Fundi wa karatasi hamtaji. Kama kweli mateka ndio walioileta karatasi, angewasahau vipi?

Dhana: Talas iliifukuza China Asia ya Kati

Mwaka 753 tu majeshi ya Tang yalikuwa vitani tena huko magharibi, na yakashinda. Kilichowatoa ni uasi wa An Lushan, jenerali wa Tang wenyewe, ulioanza mwishoni mwa 755. Askari wa mipakani waliitwa nyumbani kuuokoa utawala, na Watibeti wakajichukulia nafasi iliyoachwa. Gao mwenyewe aliuawa kwa amri ya mfalme wake katika vurugu hizo. Na mwaka 757 askari wa khalifa walikuwamo katika jeshi lililousaidia utawala wa Tang kuukomboa mji mkuu, Chang'an. Hao ndio maadui wa damu tunaosimuliwa.

Dhana: Ilikuwa vita ya Uislamu dhidi ya China

Chanzo kilikuwa ugomvi wa watawala wadogo. Gao, ambaye asili yake ni Korea, aliivamia Tashkent na kumkamata mfalme wake, ambaye baadaye aliuawa China. Mtoto wa mfalme akakimbilia kwa Waarabu kuomba msaada. Wakarluk nao hawakusilimu kwa wingi hadi karne ya 10.

Idadi ya waliouawa nayo ichukuliwe kwa tahadhari. Mwanahistoria Ibn al-Athir anataja Wachina 50,000 waliouawa na 20,000 waliotekwa, ilhali baadhi ya kumbukumbu za Kichina zinampa Gao jeshi la watu wapatao 30,000. Al-Tabari, mwanahistoria asiyeacha jambo, hata vita yenyewe haitaji.

Dhana: Mateka wa Talas alifika Malindi

Hii inatugusa sisi. Du Huan alirudi kwao kwa meli mwaka 762 kupitia Guangzhou. Kitabu chake kilipotea, isipokuwa vipande alivyovinukuu ndugu yake Du You. Kimoja kinataja nchi ya watu weusi iitwayo Molin, na wapo walioiona Malindi hapo. Wengine wanataja Nubia au Eritrea. Lakini Du Huan anasema nchi hiyo haina majani wala miti, farasi hulishwa samaki wakavu na watu hula tende. Mwenye kuijua Malindi na minazi yake ataona hapo pana kasoro.